Samaki wa Ziwa Turkana na Gharika ya Mto Omo

Mto Omo huanza katika milima ya Ethiopia, hupita katika nchi ya Ethiopia, na karibu wote huishia humo humo. Mwananchi wa Kenya hawezi kuuona ila afike ncha ya kaskazini ya Ziwa Turkana, mahali ambapo ni wachache wafikao bila kutumwa na kazi. Lakini katika kila madebe kumi ya maji yaingiayo katika ziwa hilo, madebe manane au tisa huletwa na Omo. Kerio na Turkwel, mito ya Kenya, huleta kidogo kinachosalia, tena kwa majira tu, maana kwa sehemu kubwa ya mwaka vinywa vyake huwa mchanga mtupu.

Jambo hilo lilijulikana tangu zamani, walakini halikumsumbua mtu kwa kuwa mto ulikuwa huru. Tangu Januari 2015 mto huo una bawabu. Katika korongo lake, mbali sana kaskazini ya ziwa, serikali ya Ethiopia ilimaliza kujenga ukuta wenye kimo cha karibu futi 800, nao huitwa Gibe III. Mwezi huo maji yalianza kuzuiwa ili bwawa lijae, na Desemba 2016 mitambo ikafunguliwa rasmi, nguvu yake ikiwa ni megawati 1,870. Bwawa hilo ni miongoni mwa marefu zaidi katika Afrika nzima, na hapana mtu awezaye kukana kwamba Ethiopia ilikuwa na haja ya umeme.

Upande wa pili wa hesabu wako wavuvi wa Kalokol, wa Loiyangalani na wa Todonyang, wake zao wanaopasua samaki na kuwaanika juani, na wafanyabiashara wanaopakia marobota ya samaki wakavu katika malori kwenda Kitale, Kisumu na Busia, na kutoka huko hata Kongo. Katika jimbo ambalo mvua hukosa mwaka baada ya mwaka na mifugo hufa, samaki ndio mlo wa mtu aliyepoteza ng'ombe wake. Kwa watu wa El Molo, kabila dogo la pwani ya kusini mashariki, uvuvi ni maisha ya tangu mababu. Basi, yafaa kueleza kwa utaratibu namna ukuta uliojengwa mbali hivyo unavyoweza kumgusa samaki ambaye hajapata kuuona.

Kwanza ziwa lenyewe. Count Teleki na mwenziwe von Höhnel walilifikia mwaka 1888, wakaliita kwa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf. Jina la Turkana lilikuja mwaka 1975. Urefu wake ni kama maili 155, na limezungukwa na mawe meusi ya volkano na majangwa, na upepo wake wa alfajiri huwafanya hata wavuvi hodari kungoja ufukoni. Ziwa hili halina mlango wa kutokea. Maji yakishaingia hayana njia nyingine isipokuwa kupanda juu kuwa mvuke, na jua la huko huchukua zaidi ya futi 7 za maji kila mwaka. Ni kama sufuria iliyo juu ya moto: maji huondoka, chumvi na magadi hubaki. Ndiyo sababu maji yake yana ladha ya magadi, na mgeni akiyanywa hujuta, ingawa wenyeji wengi hawana mengine.

Kwa hiyo kuna mashindano yasiyokwisha kati ya jua na Mto Omo. Mto ukipungua, ziwa hushuka. Mvua za Ethiopia zikinyesha kuanzia Juni, mto hufura, kilele chake huja Agosti na Septemba, na ziwa hupanda hata Oktoba au Novemba. Kupanda na kushuka huko kulikuwa futi 3 hadi 5 kwa mwaka mmoja. Zaidi ya hayo yako mabadiliko makubwa ya muda mrefu: kati ya mwisho wa karne ya 19 na miaka ya 1950 ziwa lilishuka zaidi ya futi 40. Samaki waliyavumilia hayo yote. Yafaa kulikumbuka jambo hili, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba adui wa samaki ni kupungua kwa maji tu.

Samaki wa Turkana si wenyeji wa ziwa hili tangu asili. Ni watu wa Naili, kwa namna ya kusema. Maelfu ya miaka iliyopita ziwa lilikuwa kubwa na refu zaidi, likamwagika kaskazini magharibi hata kufika mito iingiayo katika Naili, na kwa njia hiyo samaki wakaingia. Maji yalipopungua, njia ikafungwa nao wakabaki. Dr. Worthington na wenziwe kutoka Cambridge waliwachunguza katika safari yao ya 1930 na 1931, na hesabu za baadaye zimeonyesha aina karibu 50, ambazo kama 10 hazipatikani mahali pengine po pote duniani. Mbuta wa Ziwa Turkana, kwa mfano, ni mwenyeji halali. Mbuta wa Ziwa Victoria ni mgeni aliyetiwa humo katika miaka ya 1950, na wakazi wa Nyanza wanajua alivyowatendea waliomtangulia.

Kati ya 1972 na 1975 kundi la wataalamu chini ya Bwana A. J. Hopson lilikaa katika ziwa hilo likivua, likipima na kupasua matumbo ya samaki. Kazi yao ilichapishwa mwaka 1982, na mpaka leo atakaye kujua habari za samaki hao hana budi kuanzia hapo. Mojawapo ya mambo waliyoyathibitisha ni kwamba samaki wa Turkana ni wa tabia mbili. Wako wanaozaa ndani ya ziwa lenyewe, kama ngege, ambaye huchimba kiota katika maji ya kina kifupi, na mama huwabeba watoto kinywani mwake. Na wako wasiokubali kuzaa mpaka mto ufurike.

Wasomaji wa Nyanza watalielewa jambo hili upesi, maana wanamjua ningu. Mvua za masika zikianza, ningu alikuwa akitoka Ziwa Victoria kwa maelfu, akipanda Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Kuja, akaenda kutaga katika majani yaliyofunikwa na maji kando ya mto. Watu waliweka mitego ya matete na kuvua chakula cha majira. Ningu hakumalizwa na bwawa, bali na nyavu zilizotandwa katika vinywa vya mito wakati akipanda na mayai tumboni, na tayari katika miaka ya 1950 upungufu wake ulikuwa dhahiri. Lakini kisa chake chafundisha udhaifu wa samaki wa namna hii: maisha yake yote yanategemea njia moja nyembamba na majuma machache ya mwaka. Anayeziba njia hiyo, au anayeyaondoa majuma hayo, humwangamiza bila kumfukuza popote.

Ziwa Turkana lina ndugu wa ningu, wa jamii ile ile. Lina pia ndugu wa yule fwani anayepanda mito ya Nyanza. Lina samaki mwenye rangi ya fedha ambaye watu wa Ziwa Albert, Uganda, humwita angara. Hukaa kwa makundi makubwa katika maji ya wazi, naye ni chakula cha samaki wakubwa walao wenzao. Lina samaki mmoja mpana, mwembamba kama sahani, na mwingine mwenye meno madogo ya kukatia majani. Wote hawa huwa na mayai yaliyokomaa miezi ile ambayo Omo hufurika, na huyapeleka mtoni.

Samaki hana kalenda. Anachokijua ni kwamba maji yamebadilika: mkondo una nguvu, maji yamekuwa mekundu kwa udongo, hayana magadi mengi kama ya ziwa, na yana harufu ya nchi kavu iliyoloweka. Dalili hizo humwamsha naye hupanda. Maji yanapopita juu ya kingo na kutandaa katika nyika za delta, hufunika majani, mbolea ya ng'ombe na mabua ya mwaka uliopita. Vitu hivyo huoza, na katika muda mfupi huzuka wadudu wadogo wasiohesabika. Mayai huanguliwa humo. Kifaranga wa samaki hujikuta katika maji ya vuguvugu yenye chakula tele, na majani ya kujificha asionekane na mbuta. Gharika ikipungua, hurudi polepole pamoja na maji mpaka ziwani, akiwa amekua kiasi cha kujitetea.

Ikiwa maji hayakupita kingo, hakuna shamba la kumlea. Ikiwa yamepita kwa siku mbili kisha yakarudi ghafula, mayai hubaki juu ya majani na kukauka. Na ikiwa yamekuja katika mwezi ambao samaki hana mayai, ni kama mvua inyeshayo baada ya mavuno.

Gharika haikuwalisha samaki peke yao. Wadaasanach, wanaoishi katika delta pande zote mbili za mpaka, hupanda mtama katika udongo unaoachwa na maji yanapopungua, bila mvua na bila mfereji. Kadhalika ziwa lenyewe. Kila mwaka maji mekundu ya Omo yalionekana yakisukuma kuelekea kusini ndani ya maji ya kijani, na humo ilikuwamo rutuba ya mashamba ya Ethiopia. Mwani huota kwa rutuba hiyo, wadudu wadogo hula mwani, samaki wadogo hula wadudu, na mbuta hula samaki wadogo. Hata samaki asiyekwenda mtoni kuzaa alikula sahani iliyopakuliwa na mto.

Sasa bwawa hufanya nini? Watu waliolitetea walisema, na kwa hesabu walisema kweli, kwamba bwawa la umeme halinywi maji. Likishajaa, maji yanayoingia lazima yatoke, maana mitambo haizunguki mpaka maji yapite. Mwisho wa mwaka ziwa hupata karibu kiasi kile kile, na wakati wa ukame mto hupata maji kuliko zamani. Wengine waliongeza kwamba mtu wa delta ataokoka na mafuriko mabaya, kama yale ya Agosti 2006 yaliyoua mamia ya watu katika Omo ya chini. Hoja hiyo si ya kudharauliwa.

Lakini mtambo wa umeme hutaka maji sawasawa mwezi hata mwezi, kwa kuwa watu huwasha taa Januari kama wanavyowasha Agosti. Hivyo bwawa huchukua kilele cha gharika na kukitumia kujaza mabonde ya miezi ya kiangazi. Mto uliokuwa ukipumua kwa nguvu mara moja kwa mwaka hugeuka mfereji wenye maji ya kiasi kimoja. Udongo nao huzama nyuma ya ukuta, na maji yatokayo ni maangavu zaidi, hayana ile rangi wala ile rutuba. Mtu akipima kwa debe, mto uko palepale. Samaki mwenye mayai anangoja ishara ambayo haikuja. Hesabu iliyofanywa na wataalamu wa uvuvi na kuchapishwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba hata kama ziwa halitashuka, kule kutoweka kwa kupanda na kushuka kwa kila mwaka peke yake kutapunguza sana samaki wanaovuliwa.

Ushuhuda wa mahali pengine haukukosekana. Bwawa Kuu la Aswan lilipoanza kuzuia gharika ya Naili mwaka 1964, dagaa wa baharini waliokuwa wakivuliwa karibu na kinywa cha mto huo walitoweka karibu wote katika miaka michache tu, ingawa wao hawakuingia mtoni kamwe. Walikuwa wakiishi kwa rutuba yake.

Wakati Gibe III likijazwa, kati ya 2015 na 2017, ziwa lilishuka kama futi 5. Katika maji ya kina kirefu futi 5 si kitu. Lakini ghuba ya Ferguson, karibu na Kalokol, ni kama kisahani, na huko ngege ndiko hulea watoto wake. Habari za ghuba hiyo zastahili kusimuliwa, kwa kuwa zaonyesha jinsi futi chache zinavyoweza kufanya tajiri au maskini.

Katikati ya miaka ya 1970 ziwa lilikuwa juu, maji yakafunika vichaka na majani ya ufuko, na ngege wakazaana kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 1976 samaki waliovuliwa katika ziwa zima walikaribia tani 17,000, na sehemu kubwa sana walikuwa ngege wa ghuba hiyo moja. Wakuu walipoona hivyo, walidhani mali hiyo ni ya kudumu. Kwa msaada wa Norwei kikajengwa kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki hapo Kalokol, kikamalizika mapema katika miaka ya 1980. Kilifanya kazi kwa siku chache tu. Umeme wa kuendeshea mitambo katika joto lile ulikuwa ghali kuliko samaki wenyewe, maji safi hayakutosha, na mbaya zaidi ziwa likaanza kushuka. Kabla miaka ya 1980 haijaisha ghuba ya Ferguson ilikuwa imekauka, mbuzi wanapita mahali palipokuwa na mitumbwi. Ilijaa tena baada ya mvua kubwa za 1997 na 1998. Hapakuwa na bwawa katika Omo wakati huo. Ilikuwa kazi ya mvua na jua. Jambo lililobadilika tangu 2015 ni kwamba miongoni mwa mvua na jua ameingia mtu mwenye ufunguo.

Kisha likatokea lililowachanganya wengi. Kuanzia mwishoni mwa 2019 mvua zilinyesha kupita kiasi katika Afrika Mashariki nzima. Baringo, Naivasha na Victoria yote yalipanda, na Turkana pia. Maji yakafunika nyumba, barabara na malisho, watu wakahamishwa. Baadhi ya waliokuwa wakisema kwamba ziwa litakauka wakanyamaza, na waliolitetea bwawa wakauliza kwa dhihaka iko wapi ile jangwa waliyotishiwa. Ngege wakapata tena vichaka vya kuzalia, na wavuvi wengi wakafurahi.

Furaha hiyo ilikuwa ya haki, ila haikujibu swali. Ngege hahitaji mto ili azae. Hutaka ufuko wenye maji mapya tu. Kapu lililojaa ngege haliwezi kumwambia mtu habari za ndugu wa ningu. Hali kadhalika, mwaka wa mvua nyingi si kipimo cha bwawa, kwa maana katika mwaka kama huo maji humtosha kila mtu. Kipimo ni mwaka wa ukame, wakati mwenye ufunguo anapopaswa kuamua ni nani atakayepata kwanza.

Tena umeme si kazi pekee ya maji hayo. Mto ukishatulizwa, mashamba makubwa huwezekana kandokando yake, na serikali ya Ethiopia ilitangaza mpango wa miwa wa Kuraz wenye eka zaidi ya 430,000, ingawa baadaye kipimo hicho kilipunguzwa na kazi ikaenda polepole kuliko ilivyotarajiwa. Muwa, tofauti na mtambo, hunywa maji wala hauyarudishi. Mhandisi Sean Avery, ambaye kwa miaka mingi amepima maji ya Kenya kaskazini, alionya katika taarifa zake za 2010 na baadaye kwamba kilimo chote kilichokusudiwa kikitimizwa, ziwa laweza kushuka zaidi ya futi 60, na hatimaye kugawanyika kuwa vidimbwi viwili vyenye magadi makali. Hayo hayajatokea. Lakini mkulima ye yote aliye mwisho wa mfereji anajua kwamba maji hayaibwi kwa siku moja. Kila aliye juu hufungua kidogo zaidi kila mwaka, na wa mwisho hugundua amechelewa.

Wakenya hawakukaa kimya. Chama cha Friends of Lake Turkana kililipeleka jambo hili mbele ya mabenki na mabaraza ya dunia, na mwaka 2012 mwanzilishi wake, Bi Ikal Angelei, alipewa tuzo ya Goldman. Mwaka 2018 UNESCO iliyatia mapori ya taifa ya Ziwa Turkana katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Ila haitakuwa haki kuielekeza lawama yote kaskazini. Kenya yenyewe ilijenga bwawa katika Turkwel, likamalizika mwaka 1991, ukuta wake ukiwa na kimo cha futi 500, mitambo yake ya megawati 106. Mto ule ulikuwa ukishuka kwa gharika na kulowesha msitu wa migunga katika bonde lake, kisha kufikisha mabaki ziwani. Ni vigumu kumhubiria jirani juu ya gharika iliyozuiwa wakati gharika ya nyumbani ilizuiwa kwanza, tena bila kelele nyingi.

Je, iko dawa? Iko, nayo imekwisha kujaribiwa katika Afrika, mbali kidogo, kaskazini ya Kameruni. Huko Mto Logone ulikuwa ukifurika kila mwaka na kutandaa katika uwanda wa Waza, watu wakivua na kulisha ng'ombe. Mwaka 1979 likajengwa bwawa la Maga pamoja na tuta refu kando ya mto, kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Uwanda ukakauka. Majani mazuri yakafa, samaki wakapungua mno, wavuvi wakahama. Baada ya uchunguzi mrefu, mwaka 1994 tuta lilifunguliwa mahali pamoja ili maji yapite katika kijito cha zamani, na mwaka 1997 likafunguliwa mahali pengine. Haikuwa gharika yote ya zamani, ni sehemu yake tu, wala bwawa halikubomolewa na mpunga haukukatwa. Majani ya kudumu yalirudi, na samaki nao wakarudi. Ng'ombe wa wahamaji walifuata. Jambo kubwa lilikuwa kwamba maji yalirudishwa katika majira yake.

Jambo kama hilo liliandikwa katika mpango wa Gibe III wenyewe. Wajenzi waliahidi gharika ya kutengenezwa, ya siku 10 kila mwaka, itakayofunguliwa miezi ile ile ya zamani ili delta ilowe na samaki wazae. Siku 10 ni chache kwa kifaranga aliyehitaji majuma kadha, na wataalamu walisema hivyo tangu mwanzo. Lakini hata hizo hazikuwa desturi ya kila mwaka. Sababu yake si ngumu kuelewa. Maji yaliyohifadhiwa ni kama fedha katika benki, na meneja wa umeme hapendi kuzitoa zote kwa mkupuo.

Hata hivyo hasara ya gharika hiyo ni ndogo kuliko idhaniwavyo. Mitambo 10 ya Gibe III ikizunguka yote kwa nguvu zake zote hupitisha maji mengi sana kwa wakati mmoja, na sehemu kubwa ya gharika ndogo ingeweza kupita humo na kutoa umeme njiani. Kinachotakiwa ni mtu wa kuununua umeme huo mwezi wa Agosti au Septemba, wakati Ethiopia ina maji tele na Kenya, mara nyingi, iko katika miezi yake mikavu.

Mtu huyo yupo. Mwaka 2022 Kenya ilifanya mkataba wa miaka 25 wa kununua umeme wa Ethiopia, megawati 200 kwa miaka mitatu ya kwanza na 400 baadaye, na tangu Novemba mwaka huo umeme huo hupita katika nyaya ndefu kutoka Wolayta Sodo mpaka Suswa, karibu maili 650. Wolayta ni jirani wa Omo. Karani wa Nairobi anayesoma jioni chini ya taa yake, pengine anasomea mwanga uliotoka katika mto ule ule unaolisha ziwa la Turkana. Katika mkataba huo bei, kiasi na muda vimeandikwa kwa makini. Juu ya siku ambazo mto utaachiwa gharika, serikali hizo mbili hazina mkataba wa namna hiyo, ingawa upande mmoja ni muuzaji na upande wa pili ni mnunuzi, na mnunuzi wa kila mwezi huwa na nafasi ya kuuliza.